Mlo wa kupunguza mchochota kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho: kipi kibaki kwenye sahani?

MuuguziKadutu (Bukavu)

Habari zenu wote. Naomba msaada wa wanaojua lishe ya wagonjwa wa saratani.

Mgonjwa ni papa wa miaka 61, saratani iko kwenye kichwa cha kongosho, haiwezi kupasuliwa. Anapata shimio (dawa za kuua saratani) ya aina ya FOLFIRINOX kila baada ya majuma mawili, amemaliza mizunguko mitatu. Kabla ya ugonjwa alikuwa na kilo 68, leo mizani inaonyesha 57. Macho yalikuwa ya njano, akawekewa mrija wa nyongo, sasa yamerudi meupe. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ni kati ya 130 na 160. Choo chake kimepauka, kinaelea, kina harufu kali na kinaacha mafuta juu ya maji.

Familia ilipokea kwa WhatsApp karatasi ya "mlo wa kuzima moto wa mwili". Inakataza nyama yote, mayai, maziwa, mafuta yote hata mawese, bugali, wali na sukari, ikidai sukari na bugali vinalisha saratani. Inaruhusu majani, matunda na supu nyepesi, pamoja na glasi mbili za kurkuma (manjano) na tangawizi kwa siku, ya kwanza kabla hajala kitu. Wanaifuata kwa moyo wote, maana ndicho kitu wanachoweza kumfanyia kwa mikono yao wenyewe. Ni majuma matatu tangu waanze, na ameshuka kilo tatu.

Nataka kujua: mlo wa kupunguza mchochota, yaani ile inflamasio ya ndani, una faida gani ya kweli kwa mgonjwa wa aina hii? Kwenye karatasi ile kipi kibaki na kipi kitoke? Na tafadhali mnijibu kwa chakula cha soko la Kadutu. Salmoni na mafuta ya zeituni hayatufikii.

---

Lishe_Nyawera (Bukavu)

Aksanti Muuguzi kwa kuleta vipimo kamili, vinarahisisha kazi. Naanza na choo, kurkuma itasubiri.

Choo ulichoeleza ni cha mtu ambaye chakula kinapita tu. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho huziba mfereji unaopeleka vimeng'enya vya kusaga chakula kwenye utumbo. Mafuta hayavunjwi, na sehemu ya protini na wanga pia. Familia inaona mafuta chooni, inahitimisha kwamba mafuta ni adui, inayaondoa, mgonjwa anazidi kukonda. Dawa ya hali hiyo ni vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula. Hapo nawaachia wa famasi waeleze dozi, ila shikeni hili: bila vimeng'enya, mlo wowote mtakaoupanga utaishia chooni kwa sehemu kubwa.

Sasa mchochota. Ni jambo la kweli. Saratani na kinga ya mwili humwaga kwenye damu kemikali kama IL-6 na TNF. Ini linageuza kazi na kuanza kutengeneza CRP (protini inayoonyesha mchochota), albumini (protini kuu ya damu) inashuka, hamu ya kula inakufa, misuli inavunjwa hata mtu akiwa amelala. Hiyo ndiyo kakeksia, na kipimo chake cha kawaida ni kupoteza zaidi ya 5% ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia. Papa huyu amepoteza kilo 11 kati ya 68, karibu 16%. Lakini moto huo unawashwa na uvimbe wenyewe, si bugali. Hakuna mlo uliothibitishwa kutibu saratani ya kongosho. Sehemu kubwa ya tafiti za mlo wa kupunguza mchochota zimefanywa kwa watu wanaotafuta kuzuia ugonjwa, wengi wao wakiwa na uzito wa kutosha au uliozidi. Masharti yaliyotungwa kwa ajili yao yakipewa mtu anayeyeyuka, yanamuumiza.

Kwa hiyo, kwenye mlo huo chukueni vile vya kuongeza: samaki, majani laini, avoka, karanga, matunda yaliyoiva, viungo vya jikoni kwa kiasi cha jikoni. Makatazo yake yote yaacheni. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya saratani, ile ya ESPEN, inasema wazi mgonjwa aliye katika hatari ya kukonda asipewe mlo unaopunguza nishati, na inapendekeza kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana 1.5. Kwa kilo 57 hiyo ni kilokalori 1,425 hadi 1,710, na protini kati ya gramu 57 na 85. Majani, matunda na supu nyepesi haviwezi kufika hapo hata akila kutwa nzima.

Kuhusu ile hoja kwamba sukari na bugali vinalisha saratani: seli zote za mwili zinatumia glukosi. Mgonjwa asipoila, ini lake litaitengeneza lenyewe kutoka kwenye protini ya misuli. Uvimbe haukosi kitu. Kinacholiwa ni misuli ya mapaja yake. Waelezeni familia hivyo hivyo, wataelewa.

Siku moja ya chakula, kwa vitu vya hapa, ingekuwa hivi. Saa moja asubuhi, uji wa masoso (mahindi, soya, mtama): unga gramu 60, vijiko vya chakula vinne vilivyojaa, kwenye nusu lita ya maji. Ukiisha kuiva ongezeni kijiko kimoja cha karanga za kusaga, kimoja cha mafuta, na viwili vya maziwa ya unga. Bakuli hilo linabeba kama kilokalori 500. Saa nne, mayai mawili yaliyoiva kabisa na nusu ya avoka kubwa. Saa saba, sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) mbichi gramu 150 kwenye mchuzi wa nyanya na kijiko cha mafuta, na bugali laini kiasi cha ngumi. Saa kumi, kikombe cha mashanza (maziwa ya mgando) na ndizi mbivu. Saa moja jioni, lengalenga (mchicha) iliyopikwa na karanga, na wali au viazi. Kabla ya kulala, kikombe kingine cha mashanza. Jumla inakaribia kilokalori 2,000 na protini kama gramu 85. Imezidi kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa wa shimio huacha robo ya kila sahani. Akiacha robo bado yuko ndani ya lengo.

Jikoni kuna makosa yanayojirudia. Soya isiyokaangwa vizuri ina vitu vinavyozuia tripsini, ambayo ni kimeng'enya cha kongosho, na huyu ndiye mtu ambaye tripsini yake tayari ni haba. Soya ikaangwe hadi iwe kahawia na inukie kabla ya kusagwa, kisha uji uchemke dakika 15 hadi 20. Mkinunua unga uliosagwa tayari, onjeni kidogo: ukiwa na ladha ya ubichi kama maharagi mabichi, rudisheni. Karanga zenye ukungu, zilizokunjamana au zenye uchungu zitupwe, maana sumu ya aflatoksini inaharibu ini, na ini lake tayari linafanya kazi ya kusafisha dawa za shimio. Bugali la mhogo mtupu linatoa karibu wanga peke yake. Changanyeni na mahindi.

Sambaza ndiyo bahati yetu. Samaki huyu aliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye protini inayofika Kadutu kila siku. Msimkaange kwa mafuta mengi: harufu yake inamtapisha mgonjwa, na samaki anakuwa mkavu mdomoni. Mchuzi, chungu kimefunikwa, dakika 15, basi. Sambaza kavu zioshwe mara tatu kuondoa mchanga, zikaushwe juu ya moto mdogo, zisagwe. Kijiko kilichojaa, gramu 10, kina kama gramu 6 za protini, na kinaingia kwenye uji wa chumvi, kwenye supu au kwenye viazi vilivyopondwa bila kumwongezea mzigo wa kutafuna.

Nyama ya mbuzi au kuku, ikikatwa ndogo na kupikwa hadi ilainike, haina ubaya kwake. Onyo la nyama nyekundu ni kwa ajili ya kuzuia saratani kwa mtu mwenye afya.

---

Dawa_na_Dozi (Goma)

Naongezea upande wa vimeng'enya, maana hapa wengi wanavinunua kwa pesa nyingi halafu vinapotea kwa sababu ya namna ya kumeza.

Kinachohesabiwa ni vitengo vya lipaze (kimeng'enya kinachovunja mafuta) kwenye boksi. Kuanzia, ni vitengo 50,000 kwa mlo mkubwa na 25,000 kwa mlo mdogo au kikombe cha maziwa. Kwa vimeng'enya vya Créon 25,000 hiyo ni vidonge viwili kwa mlo, kimoja kwa kitafunio. Uji aliouandika Lishe_Nyawera, wenye karanga, mafuta na maziwa, ni mlo mkubwa: viwili. Kwa milo mitatu na vitafunio vitatu ni vidonge 9 kwa siku, 270 kwa mwezi. Familia iambiwe idadi hiyo mapema ijipange, isije ikaanza kumpa kimoja kimoja ili boksi lidumu. Kidonge kimoja kwa sahani ya sambaza na mafuta hakitoshi, choo hakibadiliki, na wao wataamini dawa haifanyi kazi.

Kidonge cha kwanza kimezwe na matonge ya kwanza, cha pili katikati ya chakula. Si nusu saa kabla, wala baada ya kunawa mikono. Vimeng'enya vinatakiwa vikutane na chakula tumboni. Vikitangulia au vikichelewa vinapita peke yao. Maji ya kumezea yasiwe ya moto, chai ya moto inaviua. Matunda peke yake, juisi, au chai isiyo na maziwa havihitaji kidonge.

Akishindwa kumeza kidonge, kifungueni, mchanganye chembe zake na kijiko cha kitu chachu na cha baridi ya kawaida: mashanza, juisi ya nanasi au ya chungwa. Ameze papo hapo bila kutafuna, kisha asukutue mdomo kwa maji na kuyameza. Chembe zikibaki kwenye fizi zinachimba vidonda. Msizichanganye na uji.

Choo kikiendelea kuwa cha mafuta baada ya siku tano au sita za kumeza vizuri, pandeni hadi vitatu kwa mlo. Isiposaidia, daktari aongeze omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Sababu yake ni hii: ganda la zile chembe linafunguka mahali ambapo asidi imepungua. Kongosho zima humwaga bikaboneti ya kuzimua asidi ya tumbo, la kwake halifanyi hivyo tena, kwa hiyo chembe zinasafiri mbali kabla ya kufunguka.

Mnunue kopo lililofungwa, lenye tarehe. Vidonge vinavyohesabiwa kwenye karatasi vinaingia unyevu. Visikae juani wala karibu na mbabula (jiko la makaa), joto lisizidi nyuzi 25. Na muwe macho na vile vidonge vya "kusaga chakula" vya bei rahisi: vingi vina vitengo elfu chache tu na havina ganda la kuvilinda na asidi. Someni namba kwenye boksi kabla ya kulipa.

Jambo moja ambalo hatuna haki ya kulificha: vimeng'enya hivi vinatengenezwa kutoka kongosho la nguruwe. Kama papa ni Mwislamu au Mwadventista, aambiwe kabla ya kuanza. Wengi wanakubali wakishaongea na imamu au mchungaji wao, lakini uamuzi ni wake. Akija kujua baadaye kwa kusoma karatasi, ataacha dawa na atapoteza imani kwenu.

Tena, vimeng'enya vikianza kufanya kazi, sukari ya damu inaweza kupanda, kwa sababu sasa chakula kinaingia mwilini. Sukari yake ya 130 hadi 160 ilikuwa inapimwa wakati chakula kinapotea. Pimeni mara nyingi zaidi majuma mawili ya kwanza.

---

Infi_Shimio (Goma)

Kuhusu kurkuma, hesabu fupi. Kijiko cha chai kina gramu 3 hivi za unga, na kurkumini, kile kiini chake kinachosifiwa, ni kama 3% ya unga huo: chini ya gramu 0.1. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kongosho yalitumia gramu 8 za kurkumini kwa siku. Kufika huko kwa unga wa jikoni angekunywa zaidi ya robo kilo kila siku. Na hata kwa vidonge vya gramu 8, kiasi kilichofika kwenye damu kilikuwa kidogo sana, na wagonjwa kadhaa waliokuwa wakipata shimio pamoja navyo walishindwa kuendelea kwa sababu tumbo lilijaa na kuuma. Kwenye mchuzi, nusu kijiko cha kurkuma ni kiungo kizuri, kibaki. Glasi mbili kwa siku tumboni mwa mtu asiye na hamu ya kula ni maji yanayojaza nafasi ya uji.

Vidonge vya kurkuma, vya kitunguu saumu au vya tangawizi vilivyokolezwa ni habari nyingine, hasa kama yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda. Saratani ya kongosho inagandisha damu kuliko saratani nyingi, kwa hiyo wengi wao wanadungwa enoxaparini au wanakunywa dawa za mdomo. Vidonge hivyo vinaweza kuzidisha kutoka damu. Kama ni warfarini au Sintrom, kuna pia habari ya vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hizo: sombe (kisamvu), lengalenga na unga wa moringa vina nyingi. Havikatazwi, ila kiasi kiwe sawa kila juma, kisiruke kutoka sifuri hadi sahani tatu. Kwa enoxaparini majani hayana shida.

Muulizeni pia kama anakunywa chai ya millepertuis (mmea wa dawa) kwa ajili ya usingizi au huzuni. Ikatwe leo. Inapunguza nguvu ya irinotekani, dawa mojawapo kwenye FOLFIRINOX yake.

Sasa mambo ya mzunguko wenyewe. Oksaliplatini, dawa nyingine ya FOLFIRINOX, inafanya koo na vidole kuwa na hisia kali ya baridi kwa siku kadhaa baada ya dawa. Bukavu iko juu, mita 1,500 hivi, na maji ya bomba ya alfajiri yanatosha kumkaba koo hadi adhani hawezi kupumua. Maji yake yakae kwenye thermos, vuguvugu, na mashanza isitoke kwenye friji. Vuguvugu hilo hilo linafaa kwa vimeng'enya.

Kuharisha kwa irinotekani kusichanganywe na choo cha mafuta. Cha mafuta ni kizito, kinaelea, hakina haraka. Cha irinotekani ni maji matupu, mara nyingi kwa siku. Hapo mnafuata kile daktari wake alichoandika, kwa kawaida loperamide miligramu 4 mara ya kwanza kisha 2 kila baada ya saa mbili, pamoja na maji ya ORS. Siku hizo pumzisheni maharagi, sombe na maziwa. Mpeni wali laini, ndizi, viazi, supu yenye chumvi. Kuharisha pamoja na homa ya 38 au zaidi ni hospitali usiku huo huo. Msianze kwa kutibu malaria nyumbani. Kwa mgonjwa huyu homa inaweza kuwa ni kwa sababu chembe nyeupe za damu zimeisha, au mrija wa nyongo umeziba na umeingia vijidudu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya chembe nyeupe, mashanza ya maziwa mabichi hapana. Maziwa yachemke kwanza, yapoe hadi vuguvugu, yatiwe kijiko cha mashanza iliyotengenezwa vivyo hivyo, yafunikwe usiku mzima. Jibini ya Masisi iingie kwenye chakula kinachochemka. Kachumbari na saladi za nje zisubiri.

---

Lishe_Lushi (Lubumbashi)

Nakubaliana na wote, ila mtu ataleta swali la vidonge vya mafuta ya samaki, kwa hiyo najibu kabla.

Hapa miongozo haisemi kitu kimoja. ESPEN inapendekeza, kama pendekezo hafifu, omega-3 (iliyomo kwenye mafuta ya samaki) kwa mgonjwa wa saratani iliyoenea anayepata shimio na anayekonda, ili kusaidia hamu ya kula na misuli. NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, kwenye mwongozo wake wa saratani ya kongosho wa 2018, inasema mafuta ya samaki yasitumike kutibu kukonda kwa wale wasioweza kupasuliwa, na mwongozo huo huo unasema wapewe vimeng'enya. Mimi nasimama na NICE kwa familia yenye bajeti moja. Kidonge cha kawaida cha gramu 1 kina miligramu 180 za EPA, aina mojawapo ya omega-3. Majaribio mengi yalilenga gramu 2 za EPA kwa siku, yaani vidonge 11, kila siku, na hivyo navyo ni mafuta yanayohitaji lipaze. Fedha hiyo iende kwenye vimeng'enya na mayai. Samaki wa kula ni sawa kabisa: sambaza kwenu, kapenta na thomson huku kwetu. Na msikubali mtu awabadilishie kwa mafuta ya ini la samaki mkidhani ni kitu kimoja. Yana vitamini A, na ukiyanywa vijiko vingi ukitafuta omega-3 unajitia sumu.

Jambo lingine la sukari: kama atapewa insulini, kongosho lililoharibika linakosa pia glukagoni, ile homoni inayookoa mtu sukari ikishuka. Kwa hiyo ikishuka, inashuka kwa kasi. Insulini ya chakula idungwe akiwa na chakula mbele yake na ameanza kula, si kwa matumaini kwamba atakula. Siku mbili tatu baada ya shimio sukari inapanda kwa sababu ya deksametazoni ya kuzuia kutapika. Msiijibu kwa kumnyima bugali.

Halafu misuli haijengwi na protini peke yake. Asimame na kuketi kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, bila kushika mikono kama anaweza. Akipata nguvu, atembee, na mji wenu wa vilima una mazoezi ya bure mlangoni.

---

MuuguziKadutu (Bukavu)

Mubarikiwe wote. Familia imekubali kurudisha mayai, maziwa na mafuta leo jioni. Mama wa nyumbani alilia alipoelewa kuhusu misuli, nikamwambia karatasi ile aliifuata kwa upendo.

Bado mambo matatu. Vimeng'enya vitafika baada ya siku nne, tufanye nini hadi hapo? Jirani amewaletea Plumpy'Nut (pakiti za karanga za kutibu utapiamlo), wampe? Na jana alitapika chakula ambacho anadai alikila mchana wa siku iliyotangulia, akasema kwa kutapika alipata nafuu.

---

Lishe_Nyawera (Bukavu)

Naanza na la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri. Kutapika chakula cha jana, kingi, kisichosagika, halafu kupata nafuu, ni dalili kwamba duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo) inabanwa na uvimbe. Apelekwe kwa daktari wake kesho asubuhi. Kama leo hawezi kushikilia hata maji, aende leo. Hadi aonwe, chakula kiwe cha kimiminika na laini tu, kikombe kidogo kila saa moja na nusu, akae wima nusu saa baada ya kunywa. Majani, maharagi yenye maganda, mahindi ya kuchoma na nyama ya kutafuna visimame kabisa. Msimpe metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) ya nyumbani: kama njia imefungwa, dawa hiyo inasukuma tumbo dhidi ya ukuta.

Wakiamua kumwekea mrija kwenye duodeni, mlo wake utabadilika moja kwa moja. Nyuzinyuzi ndefu zinajisokota kwenye mrija na kuuziba, na sombe ndiyo ya kwanza kwa ubaya huo, hata ikitwangwa vizuri. Lengalenga inawezekana, majani bila mashina, yaive sana, yapitishwe kwenye chujio. Maharagi yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yapikwe hadi yavunjike, kisha yachujwe maganda yabaki juu. Sambaza ziondolewe vichwa na kupondwa. Chungwa anywe juisi, asile nyama yake. Kila mlo umalizie kwa maji vuguvugu kidogo.

Siku nne bila vimeng'enya: gaweni mafuta, msiyafute. Badala ya kijiko kizima kwenye sahani moja, nusu kijiko kwenye milo sita. Egemeeni mayai, mashanza, sambaza zilizopondwa na uji. Choo kitaendelea kuwa cha mafuta siku hizo nne, familia isiogope ikarudi kwenye karatasi.

Plumpy'Nut: pakiti ya gramu 92 ina kilokalori 500 na protini kama gramu 12, na mafuta gramu 30 hivi, kwa hiyo bila vimeng'enya itampita. Tena ile ni dawa ya watoto wenye utapiamlo mkali. Kila pakiti iliyofika kwa jirani imetoka kwenye hesabu ya mtoto. Irudisheni kwenye kituo cha afya. Kitu cha namna ile mnatengeneza nyumbani: karanga za kusaga gramu 25, maziwa ya unga gramu 30, mafuta gramu 15, na sukari. Fomula ya asili ina sukari gramu 28 kwa kila gramu 100. Kwa sukari yake ya damu wekeni 10. Changanyeni mafuta na karanga kwanza, halafu vitu vikavu, kidogo kidogo, bila tone la maji, maana maji ndiyo yanayoleta vijidudu. Vijiko viwili mara tatu kwa siku, pamoja na kidonge kimoja cha vimeng'enya kila mara vikishafika, na baada tu ya daktari kusema njia iko wazi.

Mpimeni Jumatatu kila juma, mizani ile ile, nguo zile zile, kabla hajala. Pimeni na mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa fundi cherehani, muandike sentimita. Tumbo likianza kujaa maji au miguu kuvimba, mizani itawaambia ameongezeka wakati misuli inaisha, mkono hautawadanganya.

---

Dawa_na_Dozi (Goma)

Muuguzi, daktari akisema duodeni imebanwa, naomba mniandikie hapa kabla ya kopo kufika. Kwa mgonjwa anayekula vimiminika kidogo kidogo siku nzima, dozi inagawanywa tofauti: kidonge kimoja kifunguliwe na kumezwa na mashanza mwanzoni mwa kikombe, kingine kila baada ya saa moja hivi akiwa anaendelea kunywa. Na mniambie jina la dawa ya kuzuia damu kuganda, kama ipo, tuangalie majani.